Mgeni wa Kifuani mwa Merina

Hodi ilitoka kifuani mwa Merina, mchana kweupe, hapo kijijini Mofu, akiwa ameegemea mito maana akilala chali pumzi zinakata. Mumewe, Nikodemu, alikuwa ameinamia beseni akipasua kambale. Na sisi watu wa bonde hili tulivyolelewa, hodi haihojiwi! Akaitikia bila kugeuka, "Karibu, pita ndani." Ulimi huu, jamani.

Merina alikuwa na miezi miwili tangu arudi kutoka India alikokwenda kutibiwa. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba hadi magotini, na daktari wa huko hakuwaficha. "Tutapitisha mrija kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, tupanue kwa puto mlango uliobana. Lakini mlango unaweza kuchanika, damu ikarudi nyuma, na moyo huu hautahimili." Merina akasema afadhali kujaribu. Ukachanika. Akarudishwa nyumbani akihema vibaya kuliko mwanzo.

Sasa aliyekaribishwa akaingia. Chumba kilinuka tope la mtoni na damu mbichi, kisu kikamchomoka Nikodemu mkononi kikamrudia na kumchana bega, kabla hajapiga yowe akanyanyuliwa na kubamizwa ukutani, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mkono wa kushoto ukalia ko! na udongo wa ukuta ukamwagika, huku Merina akipumua vizuri kama mzima.

Ikawa hivyo kila adhuhuri. Siku ya nane Nikodemu akamleta mzee Severini, mganga wa Lupiro. Mzee aliweka sikio kifuani mwa Merina, akaruka nyuma sikio likichuruzika damu.

"Jini huyu naweza kumtoa, mwanangu," alinong'ona. "Ila amekaa pale palipochanika. Ndiye aliyepaziba."

"Akitoka, mzee?"

"Mkeo hafiki jioni."

"Mtoe, Baba Anselim," Merina akamsihi mumewe. "Atakuua."

"Nyamaza, mama. Mzee, anataka nini?"

"Kupiga tu. Akikosa wa kumpiga, atamgeukia huyo huyo aliyembeba."

Nikodemu alilia waziwazi, hakuona aibu. Kisha akamshukuru mzee, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi alivua shati kwa mkono uliobaki mzima, akaketi kando ya kitanda. Jua lilikuwa linakaribia utosini.