Nani Alikaa Nyuma ya Guzzi ya Fosca?

"Ilario, nani amepanda nyuma ya pikipiki yangu?"

Ilario ndiyo kwanza alikuwa anaingia uani na vikombe viwili vya kahawa. Akasimama.

"Hakuna mtu, mpenzi. Jumapili niliizungusha peke yangu, kuipasha moto tu."

Fosca hakuinuka. Alikuwa amepiga magoti kando ya Guzzi, pikipiki ya mwaka 1973 aliyoachiwa na marehemu baba yake, spana mkononi. Vali alishazipima asubuhi injini ikiwa baridi, na kabureta zote mbili alishazilinganisha mpaka mngurumo ukawa mmoja. Alikuwa akiihudumia kwa mara ya mwisho, maana kesho mnunuzi anakuja. Mama yake Ilario, Bi Pinuccia, alishatamka mlangoni mwa kanisa, mji mzima wa Mandello ukisikia, kwamba hataki mkwe mwenye grisi kwenye kucha. Pikipiki iuzwe, au harusi isiwepo. Fosca alimpenda yule kijana, akakubali huku roho inamuuma.

"Njoo uone springi za nyuma," alisema. "Zina ngazi tatu. Ya kwanza ni mtu mmoja. Ya pili, wewe na mimi. Leo nimezikuta kwenye ya tatu. Nani huyo mzito kuliko mimi?"

"Labda zimejisogeza."

"Zimejisogeza zenyewe! Ilario, unamdanganya binti wa fundi?"

Ilario akaviweka vikombe chini.

"Ni Debora wa duka la mikate?"

"Hapana! Haki ya Mungu!"

Fosca akavua pete ya uchumba, akaiweka juu ya tangi. "Taja jina, au chukua hiyo pete uende nayo. Moja."

"Niliapa kwa kaburi la baba kwamba sitasema!"

"Mbili."

"Ni mama!"

"Mama gani?"

"Mama yangu mimi! Kila Jumapili baada ya misa, wewe ukiwa kwa shangazi yako, nampeleka mpaka mji wa Varenna. Ananipiga ngumi za mgongo, eti naendesha polepole kama padri. Kila mara narudisha springi, juzi nikasahau."

Siku nyingine Fosca angeanguka kwa kicheko. Leo macho yalimjaa machozi.

"Na ukaniacha niiuze? Umenitazama wiki nzima nikiisafisha kwa ajili ya mtu baki?"

"Niliogopa kuvunja kiapo."

"Na kunivunja mimi hukuogopa? Mpigie. Weka spika."

Simu ikapokelewa mara moja.

"Mwanangu, vipi, Jumapili iko palepale? Nimenunua miwani ya upepo."

"Shikamoo, mama," Fosca akasema.

"Marahaba... Fosca. Kumbe uko hapo."

"Nipo, na mnunuzi anakuja kesho. Nimwambie nini?"

Bi Pinuccia akashusha pumzi. "Mwanangu, yale maneno niliyasema mbele ya watu. Baadaye siku moja goti likanishika, Ilario akanipeleka kwa daktari kwa hiyo pikipiki yako. Nikarudi goti linauma na moyo una miaka ishirini. Sasa neno kubwa vile ningelimeza vipi?"

"Kama ulivyopanda, mama. Fumba macho, shikilia."

Simu ikacheka mpaka ikakohoa. "Haya. Jumapili nitasimama palepale mlangoni niseme nilikosea. Usiuze. Na huyo mjinga msamehe, kiapo nilimlazimisha mimi."

Fosca akamwandikia mnunuzi: "Samahani, haiuzwi. Ina wenyewe wawili." Kisha akanyoosha mkono wenye grisi, na Ilario akamvisha pete.

"Ukinificha tena kitu," Fosca akamwambia, "utarudi kwa mama yako, na pikipiki inabaki."

Siku ya harusi watu walijaa nje ya kanisa. Bibi harusi alifika akiendesha mwenyewe, shela imefungwa kiunoni, na nyuma yake mama mkwe na miwani yake, akipungia watu kama amechaguliwa meya. Bwana harusi alikuja kwa miguu.