Turubai la Fundi Vitus

Ndugu zangu wa Mazwi na kwingineko, nyumba ya bibi Epifania ilikuwa na amani. Kila asubuhi alimpa mjukuu wake Scola uji wa ulezi, na mtoto akimaliza bakuli husema, "Bibi, tena!"

Ndipo halmashauri ikatoa fedha za kukarabati nyumba chakavu za wazee. Akaja fundi Vitus, akatandika turubai jipya chini ya madirisha.

"Shikamoo, bibi. Hamieni kwa jirani siku tatu. Rangi hii ya zamani nitakayoikwangua ina risasi."

"Marahaba. Risasi?" Epifania alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanangu, hapa tumepigana na nani?"

"Si ya bunduki, bibi. Ni madini, ni sumu kwa mtoto. Na turubai msiliguse, nitaondoka nalo na vumbi lake."

Kuhama walihama. Lakini kazi ilipokwisha, Vitus alipokwenda kutafuta gari la taka, Epifania akaliona turubai zima, na ulezi wake bado haujaanikwa. Alilikung'uta, akalificha. Usimcheke, msomaji. Wangapi kati yetu tungeliacha?

Vitus aliporudi akauliza, "Bibi, turubai liko wapi?"

"Upepo umelichukua."

Ulezi ukakaukia juu yake, ukasagwa, ukawa uji. Baada ya miezi kadhaa Scola akaanza kulia tumbo. Akaacha kucheza. Maneno machache aliyoyajua yakampotea moja moja.

Hospitalini daktari aliuliza mtoto anakula nini.

"Uji tu. Ulezi nauanika mwenyewe, nausaga mwenyewe."

"Mama, damu yake ina risasi."

Safari hii Epifania hakucheka. Alimweleza daktari habari za turubai.

Scola alitibiwa, yu hai. Lakini kila asubuhi, akimaliza uji wa ulezi mwingine, humtazama bibi yake bila neno. "Tena?" Epifania humwuliza. Husubiri hadi bakuli linapoa.

FUNZO

Nyumba kuukuu ikikwanguliwa rangi, watoto wakae mbali, na kilichoshika vumbi lake kisiingie ndani hata kikiwa kipya. Neno la fundi usipolielewa, uliza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Epifania angesema kweli mbele ya Vitus, turubai lingeondoka na sumu yake, na leo Scola angekuwa anaomba uji.