Tuta Lisilo na Kitambaa

Ko! Mpini wa jembe uligonga mlango, na mama akanong'ona, "Samahani, mlango wangu."

Chiriku alicheka chini ya shuka. Kulikuwa bado giza, na mama yake tayari alikuwa akiomba radhi kwa mbao.

"Zamu yangu ya maji imeangukia alfajiri," mama alisema. "Nikichelewa kufungua mfereji, shamba litalala na kiu. Wewe msaidie shangazi yako kupeleka mboga za shule." Kisha akapaza sauti kuelekea chumba cha pili. "Wifi! Kata tuta lolote lisilo na kitambaa. Lenye kitambaa nimelipulizia dawa ya wadudu juzi. Lisiguswe mpaka nikitoe mwenyewe."

"Nimesikia, wifi. Hata mbuzi wa jirani amesikia."

Shangazi alikuwa mgeni pale. Alikuwa amehamia mwezi ule ule, naye bado alikuwa akijifunza matuta kama mtoto anayejifunza herufi. Alikata mboga kwa mwanga hafifu, akajaza vikapu viwili, kisha akakunja kilemba chake na kukiweka kichwani kwa Chiriku ili kikapu kisimuumize. Yeye mwenyewe alibeba kikapu kikubwa bila kitu chini yake.

Njiani Chiriku alizungumza bila kituo, maana jina hilo hakupewa bure. Mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

"Lile tuta la chini limenifurahisha," shangazi alisema alipopata nafasi. "Majani mapana, hayana tundu hata moja! Hayo mengine viwavi wameyafanya chandarua."

Chiriku alisimama. "Tuta la chini? Halikuwa na kitambaa?"

"Kitambaa gani? Nimetazama vizuri. Lina kijiti kitupu."

Chiriku alikumbuka. Jana jioni, yeye na wenzake walipokuwa wakicheza, mpira wao wa matambara ulifumuka. Alikimbia shambani, akafungua kitambaa chekundu kwenye kijiti cha tuta la chini na kuufungia mpira. Alijiambia atakirudisha baadaye. Baadaye aliitwa kula, na baada ya kula akalala.

Alitaka kusema, lakini akaifikiria shule.

Zamani shule ilinunua mboga kutoka kwa mwenye lori, zilizosafiri mbali hadi zikasinyaa. Muhula huu mpishi wa shule alikuwa amekubali kuwajaribu wakulima wa pale pale, akaanza na mama yake Chiriku. Majirani walikuwa wakisubiri. Mama akifaulu, nao watauza. Mwenye lori alikuwa amecheka. "Siku mtakapoumwa matumbo mtanitafuta."

"Zitaoshwa," Chiriku alijiambia. "Na zitapikwa." Akaendelea kutembea, kimya.

Darasani alikaa upande huu, akakaa upande ule. Aliinama kuokota kalamu ambayo haikuanguka.

"Umekalia siafu?" jirani yake wa dawati alimnong'oneza.

"Niache."

"Chiriku, mbona leo hatukusikii?" mwalimu aliuliza. "Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Ndiyo, mwalimu. Sijui, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Harufu ya maharage ilikuwa ikiingia dirishani, na nje, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamepanga foleni ya kunawa mikono. Wao ndio huanza kula. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mdogo mno, hata bomba la tangi hakulifikia. Mwenzake alimkingia maji kwa viganja.

Chiriku aliinuka. Hakuomba ruhusa. Alikimbia.

Jikoni, mpishi alikuwa ameinua sinia la mboga zilizokatwa, tayari kulimimina kwenye sufuria. Wanafunzi walimwita Bi Ukoko, kwa sababu mtoto aliyekuja kumsaidia kuosha vyombo hakuondoka bila kipande cha ukoko mkononi.

"Bibi, usitie! Zina dawa! Kitambaa nilikichukua mimi, shangazi hakujua, mama alikuwa kwenye maji..."

Bi Ukoko aliweka sinia mezani. Alivuta kigoda, akamkalisha Chiriku, akampa kikombe cha maji. "Pumua kwanza. Sasa anza tena, polepole."

Chiriku alieleza yote, hata ile safari ya kimya njiani. Mwisho akauliza, "Kwani kuosha hakutoshi?"

"Nimeziosha mara mbili, mwanangu. Maji hutoa udongo. Dawa nyingine huingia ndani ya jani, na hata moto usiutegemee. Ni kusubiri tu mpaka siku zake zipite."

Walichimba shimo nyuma ya jiko na kufukia mboga zote, ili hata kuku asizichakure. Waliosha meza, visu na masinia kwa sabuni. Siku ile watoto walikula maharage matupu.

"Bi Ukoko leo kaishiwa!" wakubwa walimtania.

"Mboga zimegoma," alijibu. "Kula uende." Hakutaja jina la mtu.

Mama aliitwa. Alikuja na tope hadi magotini, shangazi nyuma yake akifuta macho. "Mimi ndiye niliyekata," shangazi alisema kabla hajaulizwa.

"Mimi ndiye niliyetoa kitambaa," Chiriku alisema.

Mama aliwatazama wote wawili. "Basi tumekwisha. Mwenye lori leo atacheza ngoma."

"Acha acheze," Bi Ukoko alisema. "Niliwahi kumuuliza mboga zake zilipuliziwa dawa lini. Akaniambia, 'Mama, mimi nauza, silimi.' Nikapika hivyo hivyo, roho mkononi. Mboga ya jirani naweza kuiuliza, na leo imenijibu. Imechelewa," akamgeukia Chiriku, "imechelewa sana, lakini imejibu. Hata hivyo sipokei jani kwenu mpaka nije nilione shamba kwa macho yangu."

Kurudi nyumbani, Chiriku alitembea hatua moja nyuma ya mama. "Niliogopa utaipoteza shule," alisema.

"Ningeipoteza, ningelia, kisha ningelala," mama alijibu. "Mtoto wa mwenzangu akiugua kwa mboga yangu, nitalala wapi?" Hakugombeza zaidi ya hapo. Ingekuwa afadhali angegombeza.

Siku zilizofuata hakuna aliyetulia nyumbani. Mama alipalilia palipokwisha kupaliliwa. Shangazi alizunguka matuta akiyataja moja moja, na kila kijiti alikikagua. Majirani walipita wakiuliza habari za shule, wakajibiwa, "Bado."

Jumamosi Bi Ukoko akaja. Alitembea shamba zima, akagusa majani, akauliza dawa inawekwa wapi. Aliinamia vikapu vilivyolowekwa kwenye mfereji, akatikisa kichwa.

"Huko juu ng'ombe wanaingia maji haya haya. Vikapu vioshwe kwa maji ya kisima."

"Hilo sikuliwaza," mama alisema. Shangazi akavibeba pale pale kuelekea kisimani.

Bi Ukoko alikaa kwenye gogo na kuvua viatu. "Sikilizeni. Kununua kwa jirani si kumhurumia. Ni kwamba tunaweza kuulizana. Lakini kuulizana bila ukweli ni kelele tu. Chiriku, kosa likitoka mkononi mwako, liseme lingali njiani. Likifika kwenye sahani hakuna anayeweza kuliita lirudi."

"Ndiyo, Bibi."

"Jumatatu nileteeni. Na hao majirani wanaochungulia ugani, waambieni nitapita na kwao."

Nje ya ua mtu alipiga kigelegele, akanyamazishwa na mwenziwe. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Chiriku alianza kuongea, na alipoanza hakusimama. Alimwonyesha Bi Ukoko kila tuta, lini lilipandwa na lini litavunwa, hadi mgeni akavaa viatu vyake akicheka.

Mama alimsindikiza mpaka njia kuu. Hapo akamshika mkono.

"Njoo tena, dada," alisema. "Wala usitupe taarifa. Njoo siku ambayo hatukutazamii."