Bunduki ya Kilo Mbili na Robo

Risasi ilipiga majani, bunduki ikampiga fundi, na kulungu akampiga shemeji wa fundi. Yote matatu yalitokea kwa mkupuo, na hakuna aliyepata nafasi ya kuumia kwa heshima.

Kosa lilikuwa la fundi seremala. Kwa miezi miwili alikichonga na kukikomba kitako cha bunduki yake mpaka bunduki nzima ikawa na uzito wa kilo mbili na robo. Siku ya safari alipima kila kitu kwa mizani ya jikoni ya mkewe. Bendeji zikaachwa. Chupa ya pili ya maji ikaachwa, kwa kuwa maji, alieleza bila kutabasamu, ni mazito. Sasa bunduki hiyo nyepesi ilikuwa imerusha teke kama punda, ikampasua mdomo, na kitako chake kikagawanyika vipande viwili.

Kulungu dume, shingo imevimba kwa msimu wa kupandana, alikuwa amefuata mlio wa pembe kuukuu ambazo shemeji, dereva wa lori asiye na kazi siku hizi, alizigonganisha kumwita. Alikuja kupigana na dume mwenzake. Akamkuta dereva. Hakubagua. Alimtoboa paja, akatokomea kati ya miti iliyosongamana.

Fundi alivua mkanda, akaukaza juu ya jeraha. Damu ikapungua. Suruali ikashuka.

"Mimi nina kilo tisini," dereva aliguna. "Haya, nipime."

Fundi akambeba mgongoni, mkono mmoja ukishika suruali. Miiba iliwachana nyuso. Maji yaliisha kabla ya saa nane.

"Jua tuliweke kulia," fundi alisema. "Tulipoingia lilikuwa kushoto."

"Ilikuwa asubuhi, we bwege! Sasa ni mchana. Kushoto tena! Dada yangu aliolewa na gogo."

Matusi yalimwagika njia nzima. Kisha yakakoma. Kichwa cha dereva kikamlalia fundi begani, kizito, na hapo fundi akaogopa kuliko alivyomwogopa kulungu.

"Shemeji! Lile lori ulilopindua!"

Fundi akamtikisa mgongoni.

"Ni mimi niliyemwambia bosi wako ulisinzia!"

Kichwa kikainuka. "Umesema?"

"Mimi! Ukafukuzwa kwa sababu yangu!"

Ngumi ikatua sikioni mwa fundi. Ya pili ikafuata. Fundi akakaza mwendo, akipigwa, akiungama zaidi: siku, saa, maneno aliyotumia. Alipoishiwa ya kuungama, walikuwa barabarani, na trekta la magogo likasimama kuwachukua.

Hospitalini, daktari aliposhona uzi wa mwisho, fundi aliingia na bilauri ya maji.

"Ilikuwa kweli, au ulitaka tu nisilale?" dereva aliuliza.

Fundi angeweza kudanganya. Mlango wa uongo ulikuwa wazi kabisa.

"Kweli."

Dereva akanywa maji yote, taratibu, macho hayambanduki. Akarudisha bilauri.

"Umenibeba, sawa. Nitapona," alisema. "Nikipona, usiwe karibu."