Jani Bichi Kwenye Kioo

Umeme ulirudi adhana ya magharibi ikiisha, nikafungua tena ofisi yetu pale Mchafukoge nimalizie kazi ya Gaudens. Enzi hizo soko huria limeshapamba moto, kila mwenye kompyuta Kariakoo anajiita kampuni. Mimi kompyuta nimejifunza mwenyewe, na ujanja wa kona kona siupendi.

Kazi yenyewe rahisi. Mimea iliyokaushwa, imebandikwa kwenye makaratasi magumu. Naiweka kwenye skana mmoja mmoja, picha inapanda yenyewe kwenye intaneti, wataalamu wa Ulaya wanaisoma huko huko kwao. Tenda aliileta Gaudens, mwenzangu tangu utoto, na ndiye aliyeenda kwetu Tunduru kuichimba hiyo mimea. Ila tangu arudi, kuigusa hataki.

"Ina vumbi, Raja. Kifua changu unakijua."

Nikaweka mmea wa kwanza. Mkavu, rangi ya tumbaku.

Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mbichi.

Nikautoa, nikautazama. Mkavu vilevile. Nikaurudisha. Mbichi... na tone la umande linaning'inia kwenye ncha ya jani. Nikamtukana aliyetuuzia ile skana, nikaendelea. Mimi nikikasirika ndipo nafanya kazi.

Kila picha, koo likazidi kukauka. Nikamaliza chupa ya maji. Nikamaliza jagi. Ulimi mgumu kama soli ya kiatu cha mtumba cha Mchikichini. Kisha nikauona mkono wangu wa kushoto, ule wa kubonyeza kifuniko cha skana...

Umekunjamana. Unabanduka kama gome.

Ikaingia harufu. Udongo ulionyeshewa. Na nje ni kiangazi, vumbi tupu.

"Hodi."

Bibi mmoja, peku, kanga imetapakaa tope mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Nikamsogezea kiti, nikamwambia nimtafutie maji kwa jirani.

"Maji yako nilishayanywa," akanong'ona. "Matamu, Rajabu wa Zamda."

Kwetu, mtu akitaka kukufunga kwa dawa hamtaji baba yako. Anamtaja aliyekuzaa. Na jina la mama yangu, Bongo nzima alilijua mtu mmoja. Ndiye aliyenisaidia kulichimba kaburi lake.

"Nani kakupa jina hilo?"

"Aliyekuja kuchimba. Mzizi hautoki mpaka uambiwe utakunywa kwa nani. Nikamuuliza. Akakutaja wewe, wala hakufikiri."

"Mimi sijachimba kitu. Mfuate yeye."

"Yeye hakujitaja."

Taa ikapepesa.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Nyayo za tope zilikatiza sakafu, zikaishia kwenye skana.

Asubuhi nilimkuta Gaudens mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya shemeji yake, anakunywa kahawa. Mkono nilikuwa nimeuficha mfukoni. Akautazama mfuko huo kwanza, hata kabla ya salamu.

"Ulimtaja nani kule?"

Akaweka kikombe chini. "Nina watoto, Raja."

"Kwa hiyo mimi nimezaliwa kuwa maji ya kumwagilia?"

"Nilidhani ni maneno ya kizee tu. Kitu kikavu kitakunywa nini?"

"Mbona basi hukulitaja lako?"

Akaimwaga kahawa iliyobaki.

"Wapigie wale watu," nikasema. "Wafute picha zote."

"Wameshazipokea. Wamefurahi mno, wanasema hawajawahi kuona mmea mkavu wenye rangi ile." Akapunguza sauti. "Wameziweka wazi, ndugu yangu. Dunia nzima inafungua."

Sikumpiga. Mkono ulikataa kukunja ngumi.

Yale makaratasi niliyachoma siku hiyo hiyo. Haikusaidia. Jua likikaribia utosini hapa, na huko Ulaya watu wakifika kazini, koo linaanza kukauka. Kuna mtu mbali, hanijui, hana ubaya na mimi, anatazama jani.

Gaudens sasa huniletea maji, ndoo nzima, kila siku. Anaiacha mlangoni, anaondoka bila hodi. Nikisikia hatua zake nataka kuyamwaga yote barazani, ayaone.

Nayanywa.

Yote.

Na bado ana jina la mama yangu mdomoni.