Meza ya Zege ya Muyinga

Nina miaka hamsini na moja, na leo nakiri nilichokikana mbele ya ndugu, majirani na hata padri: mume wangu hakuhamia Muyinga kwa sababu ya kazi. Aliniacha!

Nami nilikuwa nikitafuta meza ya jikoni tu...

Nyumbani kwangu Magarama, hapa Gitega, nilitamani meza ndefu ya zege, isuguliwe hadi ing'ae, iwe na shimo la matofali la kukalishia imbabura, jiko letu la makaa, ili joto lisiipasue meza. Na kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, beseni la kuoshea likae kushoto. Jioni ngapi nilimweleza mume wangu hayo! Alinisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusoma makala zangu za gazetini.

"Vumilia kwanza," alisema kila aliporudi kutoka Muyinga, alikokwenda kununua kahawa.

Nikachoka kuvumilia, nikajitafutia fundi. Meza za majirani wawili zilikuwa zimepasuka, kwa hiyo nikajiwekea sharti la kisomi: sitaki maneno, nataka kuona kazi iliyokwisha kupikiwa. Fundi Hamisi akacheka.

"Mama, twende Muyinga. Iko mama mmoja kule nilimjengea meza, anapikia kila siku, haina hata ufa."

Tukaenda. Nilibeba Fanta, maana kwetu huingii kwa watu mikono mitupu.

Mwenye nyumba, Odette, alinikumbatia, kitoto kikiwa mgongoni. Meza ilikuwa nzuri, inang'aa kama jiwe la mtoni. Shimo la imbabura, la matofali. Beseni... kushoto!

"Hapo ndipo panaponichosha, dada," Odette alilalamika. "Mi natumia mkono wa kulia kama watu wote. Lakini bwana wangu alikataa kabisa, ati meza nzuri inakuwa hivi."

"Si unaona, mama?" Hamisi alifurahi, maskini. "Kama ile unayoitaka!"

Shahada yangu ya chuo kikuu haikuniambia kitu miaka yote. Ilibidi nielezwe na beseni! Na bado nikauliza, kwa adabu, zege lile linasuguliwa kwa nta gani...

Wasomaji wangu, kagueni kazi ya fundi kabla ya kumpa jiko lenu. Lakini anayewaambia "vumilia" mwaka baada ya mwaka, nendeni mkaone na yeye anajenga wapi! Msingoje kama mimi.

Nilimpigia mume wangu palepale, nimeegemea meza. Angekana, ningemwamini, naapa!

"Niko Muyinga," nilimwambia. "Jikoni kwa Odette."

Akasema, taratibu kabisa:

"Usimgombeze, ananyonyesha. Mpe simu."