Sauti ya Edinah Kabla ya Alhamisi

Wewe uliona. Usiseme hukuona. Ulipita mtaa wa Bondeni asubuhi ukienda sokoni, ukaona vijana wakipigilia mabati kuzunguka kile kiwanja cha nyuma ya nyumba za kaunsili, yaani baraza la mji. Ukainamia simu yako. Ukaongeza mwendo. Jioni ukarudi kwa njia nyingine ili usiyaone tena. Uwanja wa watoto ulinyakuliwa hivyo hivyo, na wewe ulikuwa ukipita. Choo cha umma kilienda hivyo hivyo, na wewe ulikuwa ukipita.

Naliaka naye alikuwa akipita. Naliaka ni fundi wa nguo. Anaishi katika nyumba moja ya kaunsili na mume wake Khisa na mama mkwe wake, Edinah. Asubuhi anapika chai, kisha anakalia cherehani na kushona sare za shule. Edinah hukaa karibu naye na kumsaidia kazi ndogo ndogo. Ana miaka sabini na tisa. Shingoni ana uvimbe mkubwa kama chungwa.

Siku moja karatasi ilibandikwa kwenye mabati yale. Ilisema kutakuwa na kikao cha hadhara baada ya wiki tatu. Mtu anayepinga ghorofa kujengwa pale alete ushahidi.

"Ushahidi gani?" majirani waliuliza. "Karatasi za kaunsili zilipotea zamani."

"Mama anajua," Khisa alisema nyumbani. "Wanawake wa hapa walipewa hicho kiwanja. Wenzake wote wamekufa. Amebaki yeye."

"Basi aende aseme," Naliaka alisema.

Khisa alitazama chini. "Operesheni ni Alhamisi. Daktari amesema wakitoa huo uvimbe, sauti inaweza kwenda nao."

Siku zilizobaki zilikuwa sita.

Khisa ndiye aliyetaja podkasti. Hiyo ni kama kipindi cha redio, ila mtu anakisikiliza kwenye simu yake wakati anaotaka. Mama akirekodiwa, watu wote wa Bondeni wangemsikia kabla ya kikao. Naliaka akaenda mjini kuuliza vifaa. Mwenye duka akamwonyesha maikrofoni kubwa yenye mkono wa chuma na mashine ya vitufe vingi.

"Yote pamoja ni elfu arobaini na mbili, mathe."

Naliaka alirudi nyumbani mikono mitupu.

Wakaazima vyombo vya kanisa. Khisa hupiga kinanda pale, kwa hiyo mchungaji hakukataa. Jumapili mchana wakaingia kwenye ukumbi wa mabati. Khisa akafungulia spika na mwangwi, kama anavyofanya kila ibada. Edinah akapewa maikrofoni. Akasimama. Akanyoosha kitambaa cha kichwa.

"Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena! Nasalimia mchungaji ambaye hayuko. Nasalimia wazee wa kanisa. Nasalimia kina mama wa ushirika..."

Alisalimu kwa muda mrefu. Akashukuru kwa kuamka salama. Akashukuru kwa safari zote za mwaka. Mwisho akasema, "Na kile kiwanja, Mungu anajua." Akaketi.

Usiku wakasikiliza. Upepo ulikuwa umegonga paa, na mwangwi ulikuwa umemeza maneno. Kilichobaki ni "anajua, najua, jua, jua."

Naliaka alilia. Hakuwa mtu wa kulia.

Jumatatu alikwenda mtaa wa Rhonda kwa Cherono, mwanamke anayetengeneza simu. Zamani Cherono alikuwa fundi wa mitambo katika kituo kidogo cha redio. Kituo kikafungwa, akahamia kwenye kibanda.

"Sasa, Cherono."

"Poa, mathe. Simu imeanguka kwa chai tena?"

"Leo simu ni nzima. Sikiza hii. Ni mama mkwe wangu, anatoa ushahidi wa kile kiwanja."

Cherono alisikiliza. Akakunja uso. "Nani aliweka mwangwi?"

"Bwana yangu."

"Mwambie huu ni ushahidi, si kesha ya kanisa."

Naliaka alicheka kidogo, kisha akaacha. "Tulifikiri kitu ya maana inataka vyombo kubwa. Na ile ya duka hatuwezi."

"Na msinunue! Simu yako inarekodi?"

"Inarekodi."

"Basi umeshapata nusu." Cherono akavuta droo. Akatoa maikrofoni ndogo kama punje ya haragwe, yenye waya na kofia ya sponji. "Hii ni mia nne. Unaibana kwa nguo, upana wa kiganja chini ya kidevu. Sponji inazuia pumzi na upepo. Lakini leta hiyo simu tujaribu kwanza. Simu zingine hazina hili tundu la duara, na watu hununua waya wanarudi wakinitukana."

Waya uliingia.

"Na kelele?" Naliaka aliuliza.

"Hapo ndipo watu hukosea. Sauti ikigonga ukuta mtupu au mabati, inarudi. Inataka kitu laini ya kuimeza. Blanketi. Godoro. Nguo nyingi. Wewe si ni fundi? Nyumba yako imejaa vitambaa mpaka dari! Uko na studio na hujui."

Akamwonyesha alama ya ndege kwenye simu, ile inayozima mtandao. Ukiigonga, hakuna mtu anayekupigia katikati ya kurekodi. Akamwambia arekodi dakika moja, aisikilize kwa earphone, ndipo aanze. Akamwambia nakala iende kwenye simu ya pili siku hiyo hiyo, kwa sababu simu huibiwa.

"Lakini akishika maiki anaanza kusalimia wazee wa kanisa."

"Basi usimpe ashike. Mtu akishika maiki anahutubia. Yeye mbanie kwa nguo, umpe kazi ya mikono. Isiwe kazi inayolia, kama kuchagua maharagwe kwa sinia. Muulize kitu kidogo. Halafu nyamaza. Akinyamaza yeye, bado nyamaza."

Naliaka alikuwa ameshageuka kuondoka. Cherono akamwita.

"Na umwambie shosho, huyo mama mkwe wako, inarekodi, na wapi itasikika. Usimwibie sauti."

Jumanne saa nne watoto wa mtaa walikuwa shuleni. Naliaka alimwomba jirani azime redio. Alitundika blanketi mbili ukutani, akaegemeza godoro dirishani. Alibana maikrofoni kwenye leso aliyojitanda Edinah. Walipojaribu dakika moja, walisikia kwaru kwaru. Leso ilikuwa ikisugua. Wakaihamishia kwenye kola ya gauni. Sasa sauti ilikuwa safi, kana kwamba Edinah anaongea ndani ya sikio.

"Mama, hii inarekodi. Tutaiweka kwa simu za watu. Mtu yeyote ataweza kusikia."

"Hata huyo mwenye mabati?"

"Hata yeye."

"Basi wacha irekodi."

Naliaka akampa sare ya kufumua nyuzi. "Mama, siku ya kwanza kuingia kile kiwanja mlikuwa mmevaa nini?"

"Eh! Gambuti za mabwana zetu, vile viatu virefu vya mpira. Wote walikuwa wafanyakazi wa reli. Zilitupwaya!" Edinah alicheka. Akavuta uzi. Akavuta mwingine. "Nilikuwa na mtoto kabla ya Khisa."

Naliaka hakujua hilo. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hakujua. Alitaka kuuliza. Akauma mdomo.

"Alikuwa Nekesa. Surua ilimshika. Hapa hakukuwa na dispensari, na ilikuwa mvua. Nilimfunga mgongoni nikatembea kwenda hospitali. Karibu na lango nilisikia mgongo wangu umepoa."

Alinyamaza. Naliaka alinyamaza. Simu iliendelea kurekodi.

"Huo mwaka, sabini na nne, tulizika watoto watano hapa. Ndio tukaenda kaunsili, wanawake kumi na mmoja. Tulikaa kwa mlango wao siku tatu. Wakatupatia kiwanja cha dispensari. Tukachimba msingi sisi wenyewe. Karani aliyetusaidia akahamishwa, na kazi ikafia hapo. Lakini msingi uko. Simama kwa bomba la maji, uangalie mlima Menengai, utembee hatua kumi na mbili. Chimba. Simiti ikiwa mbichi tuliweka mikono yetu. Mimi niliweka mkono, na nikakanyagisha kiatu cha Nekesa."

Akafumua nyuzi zote mpaka mwisho. "Imeshika?"

"Imeshika, Mama."

Cherono aliwasaidia kukata mahali Edinah alipokohoa kwa programu ya bure kwenye simu. Khisa alitaka kukata na ule ukimya. Cherono akamzuia. Wakaiweka kwenye mtandao bila malipo na kuituma katika makundi ya WhatsApp. Kwa wasio na bando la intaneti, kinyozi wa Bondeni aliinakili kwenye memori kadi zao. Alhamisi Edinah akiingizwa kwenye chumba cha operesheni, wanawake sokoni walikuwa wameacha kuuza. Walikuwa wakimsikiliza.

Alipona. Sauti iliyorudi ni ya kunong'ona tu.

Siku ya kikao watu walijaa mpaka barabarani. Wakili wa mwenye mabati alisema hakuna ushahidi wowote. Naliaka, aliyekuwa hajawahi kusema mbele ya watu, aliinua simu. Maafisa walioendesha kikao wakasikiliza mpaka mwisho. Kisha wakaruhusu watu waende kiwanjani wachimbe. Hatua ya kumi na mbili, jembe liligonga simiti. Wakaifagia. Alama za mikono kumi na moja. Na alama ya kiatu kimoja, kifupi kuliko kiganja.

Ujenzi ulisimamishwa siku hiyo. Baada ya miezi miwili mabati yaling'olewa, na kiwanja kikaandikwa tena kuwa cha umma. Dispensari bado haijajengwa, na Bondeni bado inaidai. Lakini kila wiki Naliaka hutundika blanketi zake, na mzee mwingine huketi na kuongea.

Na mtaani kwako? Nani anajua mipaka ya shule? Nani anajua kisima kilikuwa cha nani? Yuko hai leo. Inuka sasa hivi uende kwake. Mwombe ruhusa. Gonga alama ya ndege. Muulize kitu kidogo, kisha nyamaza. Usingoje wiki ijayo. Nenda!